Nyumba za watu wa reli, Lubumbashi: shajara ya mradi

Mwezi wa pili

Tumeanza kwa kukubaliana tusichofanya. Hatuandiki historia ya reli ya Katanga, huku kusini mwa Kongo. Miaka yake inajulikana, na mtu yeyote aliyelelewa katika kambi ya BCK, kampuni ya reli ya enzi za Wabelgiji, atakuhesabia bila kusita: kampuni ilianzishwa 1906, treni ya kwanza iliingia hapa ikitoka Rhodesia mwaka 1910, mji wenyewe ukiwa ndio kwanza unapimwa, 1918 reli ikafika Bukama, 1928 ikafika Port-Francqui ambayo leo ni Ilebo, na 1931 ikaungana na ile ya Benguela inayoteremka mpaka bahari ya Angola. Baadaye BCK ikawa KDL, mwaka 1974 ikaja SNCZ, na sasa tunasema SNCC, shirika la reli la taifa. Wazee wengi hawakujisumbua kufuata mabadiliko hayo. Kwao ni BCK tu.

Sisi tunatafuta nyumba. Kulikuwa na safu za nyumba za wafanyakazi kando ya reli, na baadhi yake zilivunjwa barabara ilipopanuliwa. Ukipita leo utaona lami, mtaro wenye taka, wauza yunite za simu chini ya miavuli, na watu wa mafuta ya chupa. Hakuna kinachoonyesha kwamba pale watu walizaliwa, wakaolewa, wakalia misiba. Tunataka kujua nani alikaa wapi, nyumba ilikuwaje, na watu walikwenda wapi.

Tuko wachache: mwalimu wa shule ya msingi, mwanafunzi wa historia wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, kijana mpiga picha, na mimi ambaye baba yangu aliunganisha mabehewa mpaka mgongo ukamkataa. Vifaa ni simu za mkononi, madaftari, na pikipiki ya kuazima. Pesa hakuna, kwa hiyo hakuna wa kutuharakisha. Anayetuharakisha ni umri. Aliyeingia kazini kabla ya 1960 sasa ana miaka themanini na zaidi, na kila tukichelewa tunakuta kiti kitupu.

Mwezi wa tatu

Mvua haijaisha. Njia za Kenya na Katuba, mitaa ya hapa mjini, ni matope, na umeme ukikatika simu zinazima katikati ya maneno. Tumejifunza kurekodi asubuhi.

Jambo la kwanza la maana limejitokeza, nalo linahusu namna ya kuuliza. Ukimwuliza papa, yaani mzee wa kiume, "Nyumba yenu ilikuwaje?" anakujibu kwa sentensi mbili: ya matofali, ya mabati, basi. Ukimwuliza, "Papa, ulikuwa na kazi gani?" anavuta kiti karibu. Humo ndimo nyumba inamotokea. Mshika bendera alikuwa na chumba hiki, fundi wa karakana alikuwa na kile, mashinisti, dereva wa treni, alikuwa na veranda, karani alikuwa na veranda na ua wa maua. Ukipandishwa cheo unahamishwa. Mzee mmoja ametutajia nyumba zote alizokaa, na kwake orodha hiyo ndiyo hadithi ya maisha yake ya kazi. Hakuhitaji kutaja mwaka hata mmoja.

Nyumba zenyewe tumeanza kuziona. Matofali mekundu, mengi yalifinyangwa kwa udongo wa kichuguu, maana vichuguu vya huku ni vilima na udongo wake unashika vizuri ukichomwa. Jiko liko nje, nyuma. Katika safu za zamani bomba la maji lilikuwa la watu wote. Katika zile za baadaye liliingia uani. Sakafu ya simenti ilipakwa rangi nyekundu ikasuguliwa mpaka inateleza, na wamama wote bila kupishana wanaikumbuka sakafu hiyo kwa sababu ni wao walioisugua. Kampuni ilitoa pia posho: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta ya mawese, samaki wakavu. Siku ya posho mtoto hakuchelewa kurudi kutoka shule.

Mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa njia ya reli, alitusikiliza tukieleza mradi wetu na barabara, barabara, barabara. Akatukata: "Ile nyumba haikukuwa ya papa. Ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba inaisha. Miye nilitokaka mbele ya katapila kuya."

Nimeisikiliza rekodi hiyo mara nyingi. Anasema alitoka kabla katapila halijaja: mume wake alikufa akiwa kazini, yeye akapewa muda wa kufungasha, akatoka na watoto kwenda kupanga. Barabara ilikuja miaka mingi baadaye ikakuta familia nyingine kabisa. Je, yeye tumweke katika orodha ya waliopoteza nyumba? Mwalimu alisema ndiyo papo hapo. Mwanafunzi alisema hapana, tutapoteza mpaka wa kazi. Mimi naona mpaka wa kazi ni huyo mama.

Mwezi wa nne

Ramani. Hatukuanza na karatasi, tulianza na mchanga. Tumewakalisha wazee uani katika mtaa wa Kamalondo, upande wa Njanja, tukawapa vijiti na visoda vya chupa za bia: kila kisoda nyumba.

Wanaume walianza na reli. Mstari mrefu kwanza, kisha geti la karakana, kisha nyumba zikahesabiwa kutoka getini kuja huku. Wamama waliokaa pembeni wakacheka. Wakachora yao: bomba kwanza, kisha njia ya kwenda soko, kisha kantini, na nyumba zikahesabiwa kutoka bombani. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ya wanaume ilikuwa karibu ya mwisho ya wanawake, na mabishano yalikuwa matamu. Tulipozilaza ramani mbili moja juu ya nyingine, zilikubaliana karibu kila mahali isipokuwa jambo moja: ya wamama ilikuwa na vyumba vingi zaidi. Walihesabu jiko la nyuma lililogeuzwa chumba cha shemeji aliyekuja kutoka Kamina kutafuta kazi, walihesabu kibanda cha bibi aliyekataa kulala ndani, walihesabu banda la bata ambalo siku hizi kuna mtu anaapa alizaliwa humo. Kampuni ilijenga nyumba ya mtu mmoja na mke wake na watoto. Waliolala mle walikuwa ukoo mzima.

Ramani tutakayoifanyia kazi ni ya wamama. Ya wanaume tunaitumia kupima umbali, kwa sababu reli bado iko palepale na inatupa mahali pa kushikia kamba.

Mwanafunzi wetu ameleta hoja ambayo nataka ibaki hapa. Mwaka 1921 watawala walipowahamishia Waafrika mahali panapoitwa leo Kamalondo, waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na cité, mtaa wa Waafrika. Reli nayo ilikuwa na ukanda wake, ardhi ya kampuni isiyo na mwenye parseli, yaani kiwanja chake. Mtu anayetaka kupitisha barabara pana katika mji uliojaa hatafuti njia fupi, anatafuta mahali ambapo watakaogomba ni wachache. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa mahali hapo tangu siku ilipojengwa. Anasema barabara ilichorwa zamani na watu waliodhani wanachora nyumba. Nilimwambia hayo ni maneno ya mtihani, lakini sijapata la kuyapinga.

Mwezi wa tano

Picha. Za kikoloni ni nyingi na zinapatikana, jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, peke yake lina hazina yake. Zinaonyesha madaraja, vichwa vya treni vya mvuke, mabwana wa kofia nyeupe. Nyumba za wafanyakazi zikionekana zimepigwa kutoka mbali, safu nzima, milango imefungwa, hakuna mtu verandani. Ni picha za kuonyesha kwamba nyumba zimejengwa.

Picha za familia ni kinyume. Watu wamejaa fremu, nyumba ni kipande cha ukuta nyuma ya bega. Kwa hiyo tunakusanya vipande vya ukuta. Komunyo ya kwanza imetupa dirisha lenye chuma cha mistari mitatu. Harusi imetupa ngazi. Kundi la vijana wenye jezi za njano na buluu limetupa kona nzima pamoja na mfereji wa bati unaoteremsha maji ya mvua.

Jezi hizo kila mtu wa Lubumbashi anazijua. Ni za timu ya mpira ya Saint-Éloi Lupopo, iliyoanzishwa 1939, na mpaka leo mashabiki wake wanaitwa bashemino, yaani watu wa reli, hata kama wengi hawajapanda treni maishani mwao. Mazembe, timu nyingine ya hapa, nayo ni ya mwaka uleule, lakini mimi hapa siandiki habari za jirani. Nilichogundua ni kwamba mpira unafungua midomo kuliko karatasi yoyote ya maswali. Papa aliyekuwa amesahau namba ya nyumba yake alikumbuka kwamba golikipa alikaa mlango wa tatu, na kutoka kwa golikipa tukaijaza safu nzima ya kushoto.

Picha za setilaiti pia zimesaidia kidogo. Ukirudi nyuma miaka unaona mabati, kisha unaona vumbi, kisha lami. Zinakuambia lini. Hazikuambii nani.

Mwezi wa sita

Baridi. Wazee hawatoki mpaka jua lipande, na wakitoka wanataka kukaa ukutani, siyo kuzungumza mbele ya watu. Labda ndiyo sababu mwezi huu ndio tuliosikia mambo ya 1992 na 1993.

BCK ilikuwa kampuni ya njia inayokwenda Kasai. Tangu reli ilipofika Port-Francqui, vijana wa Kasai waliteremka nayo kuja kusini, wakawa makarani, mafundi, wakuu wa stesheni. Kambi za reli zilikuwa za watu wa kila upande, lakini Wakasai walikuwa wengi. Kisha wanasiasa wakaanza kutaja asili ya mtu hadharani, na Wakasai wakafukuzwa Katanga. Miji ya Likasi na Kolwezi ndiko kulikokuwa kubaya zaidi: watu walilala stesheni wiki na miezi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, huko Kasai, watoto wakafa pale kwa maradhi. Lubumbashi haikufika huko, lakini huwezi kusema haikuguswa. Katika safu yetu nyumba zilifungwa, kisha zikafunguliwa na watu wengine.

Sasa kwenye ramani kuna visoda vyenye familia mbili. Familia ya kwanza iliondoka kwa treni, treni ileile ambayo baba aliitunza miaka yote. Ya pili iliingia, ikakaa, ikazaa, na hiyo ndiyo iliyokutwa na katapila. Tumezungumza na zote mbili kuhusu nyumba moja: na wa pili hapa mjini, na wa kwanza kwa sauti za WhatsApp kutoka Mwene-Ditu. Kila upande unasema "kwetu". Kila upande unaukumbuka mwembe uani, na kila upande unaamini ni wao walioupanda.

Kuna mtu mwenye busara aliyetushauri tuache. Alisema mradi ni wa barabara, hayo mengine yatafungua vidonda. Tumekaa nalo, tumekunywa munkoyo, tumebishana. Hatuwezi kuacha. Tukiandika kwamba nyumba ilikuwa ya familia ya pili tu, tutakuwa tumewafukuza wa kwanza kwa mara nyingine, safari hii kwa kalamu. Lakini pia hatutaandika kana kwamba wa pili ni wezi. Wengi walikuwa wafanyakazi wa reli kama wenzao, walioambiwa nyumba iko tupu, ingia. Kwa hiyo kila kisoda kitakuwa na safu ya majina ya ukoo kadiri wenyewe watakavyoruhusu, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kichwa kinachosema "mwenye nyumba". Mwenye nyumba alikuwa kazi, kama mama yule alivyosema.

Kwa mara ya kwanza tumefuta rekodi. Papa mmoja alituita kesho yake akaomba tuifute, tukaifuta mbele yake.

Mwezi wa saba

Barabara yenyewe, hatimaye. Nilidhani ndiyo itakayokuwa sehemu ndefu ya shajara. Ni fupi.

Misalaba myekundu ilipakwa ukutani. Watu wakaambiwa watoke. Wengine wakadhani ni vitisho kama vile vya zamani, wakabaki mpaka mashine ikasikika. Wengine walitoa mabati, milango na fremu za madirisha wenyewe usiku, ili angalau kitu kiende nao. Kuna nyumba katika mtaa wa Ruashi ina madirisha ya kambi, yenye chuma cha mistari mitatu, na mpiga picha wetu aliyatambua kutoka barabarani kabla hatujaambiwa. Kuhusu fidia, kila mtu ana hadithi yake, na ofisi zinazohusika sitazitaja.

Ninachoweza kueleza ni sheria inavyokaa. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote wa nchi yetu ni mali ya serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inaandikwa. Sheria ya 1977 ya kunyang'anya mali kwa manufaa ya umma inamtaka mwenye haki iliyoandikwa alipwe. Mkaaji wa nyumba ya kampuni hakuwa na cha kuandikwa. Alikuwa na kadi ya kazi, namba ya nyumba, na miaka thelathini ya kusugua sakafu. Ndiyo maana wamama wametuonyesha mafaili yaliyofungwa kwa kitambaa, yamejaa karatasi halali kabisa ambazo hazithibitishi kitu chochote kilichoulizwa.

Rafiki wa Nairobi alitukumbusha kisa cha Muthurwa. Ni nyumba za wafanyakazi wa reli, na mwaka 2010 mfuko wa pensheni wa watu wa reli ndio uliotaka wakaaji watoke na ukaanza kuvunja. Wakaaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilikiukwa. Tulimweleza papa mmoja kisa hicho. Hakushangazwa na hukumu, alishangazwa kwamba mfuko wa pensheni ulikuwa na nyumba.

Na kuna jambo ambalo wazee wote wanalirudia, hata wale ambao nyumba zao zilisalimika. Barabara ilipanuliwa kwa ajili ya malori. Shaba iliyokuwa ikipita mlangoni kwao kwenye mabehewa sasa inapita kwa lori kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kutoka huko bandarini. Vita vya Angola vilipofunga njia ya Benguela mwaka 1975, papa mmoja ambaye alikuwa shefu wa treni anasema, walijua mguu mmoja umekatwa. Wakaendelea kuruka kwa mwingine. Barabara kwanza ilichukua mzigo, ndipo ikachukua kazi, ndipo ikachukua nyumba. Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja vituo vya njia yake. Kisha akatuuliza kama ni kweli kwamba njia ya Lobito, bandari ya mwisho wa reli hiyo ya Benguela, inafunguliwa tena, na kama watahitaji watu wanaojua breki.

Mwezi wa tisa

Mijakaranda imeanza kuchanua. Tumetandaza ramani uani kwa parokia Jumapili baada ya misa, kitambaa kikubwa, nyumba zimechorwa kwa wino na majina kwa penseli ili yafutike. Tulileta viti vichache. Watu walileta vyao.

Mambo matatu yalitokea ambayo hatukuyapanga. Vijana wa Lupopo walikuja kwa fujo zao, wakaishia kushika penseli kuwaandikia wazee wasioona vizuri. Mwanamke wa makamo akamkuta jirani wa utotoni, na wote wawili wakaacha ramani wakaenda kuzungumza chini ya ukuta mpaka jioni, kwa hiyo nyumba zao hazijajazwa. Na wazee wawili wakagombana kweli kweli juu ya nani alikuwa na cheo cha kukaa kwenye kona. Ugomvi wa miaka hamsini. Hatukuuamua, pale kwenye kona kuna majina mawili na alama ya kuuliza.

Kazi iliyobaki kabla ya mvua kubwa ni hii. Rekodi zinakiliwa kwenye kadi za simu, na kila familia inapata yake kwanza kabla hatujapeleka nakala kwenye maktaba yoyote. Karatasi za wamama zinapigwa picha kwao, haziondoki na sisi hata zikiombwa kwa heshima. Sehemu ya safu ya kulia, karibu na palipokuwa kantini, bado ni tupu. Tunaambiwa watu wake wengi walihamia Likasi na Kamina, na mwalimu ana shemeji Kamina anayefahamiana na mastaafu wa huko. Nauli ndiyo inayotafutwa. Treni ingekuwa nafuu, lakini hakuna anayeweza kutuambia siku gani inaondoka.

Mama mjane ameomba tumrekodi tena. Anasema mara ya kwanza binti yake alikuwa chumbani akisikiliza, na kuna mambo hakuyasema. Tutakwenda Jumanne, binti akiwa sokoni.